Nilivyokwenda Kumzika Mama wa Matogoro

Nakapanya, kabla sijawasha gari

Mimi hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Niliuza karanga za kukaanga pale barabarani nikiwa sina hata kandambili, na leo nina Fuso mbili, mashine ya kukoboa mpunga na nyumba ya wageni ya vyumba tisa. Shule niliishia darasa la nne. Nimenunua korosho wakati wenzangu wanazikimbia, nimeuza ufuta wakati wenzangu wanalia. Kwa hiyo mlipoanza kuniuliza pale kijiweni, "Che Hashimu, kanisani kulikuwaje?" na kila mmoja ana habari yake, mara nimebatizwa, mara nimeibiwa viatu, nikaona bora niandike mwenyewe, msome, mnyamaze. Kubatizwa sikubatizwa. Ya viatu ina ukweli wake, mtaifikia.

Wengi mlikuwepo siku tuliyomzika mama yangu, miaka kumi na moja iliyopita. Mlimwona Gervas, yule Mngoni kutoka Songea, alivyoingia kaburini kabla jeneza halijafika, akalala chali, akakunja mikono kifuani na kusema hatoki mpaka apewe elfu mbili. Alikuwa kwenye haki yake. Wayao na Wangoni ni watani, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na mtani ndiye mwenye kazi hiyo: msibani anafanya vituko ili wafiwa wapumue. Anayekasirikia mtani amekosa yeye.

Mimi nilikasirika. Siku ile nilikuwa na wageni wakubwa, wafanyabiashara wa Masasi, mashehe, watu wenye magari. Niliona aibu mbele yao. Nikamshika Gervas ukosi, nikamvuta juu, shati likapasuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, nikamwambia, "Toka humo, hapa si sokoni." Akatoka. Alishika shati lake kwa mkono mmoja, akaenda barabarani kusubiri basi, hata chakula hakula. Tangu siku hiyo hakupiga simu, wala mimi sikupiga. Nilijiambia atapiga yeye. Nikajiambia hivyo miaka kumi na moja.

Sasa, Jumanne ya wiki ile simu ikaita, namba siijui.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Agnesi wa Gervas, wa Matogoro. Bibi amefariki alfajiri."

Nikasema innalillahi, nikakaa chini pale pale kwenye magunia. Bibi yake Agnesi ni mama yake Gervas. Nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa nilifika Songea na karanga zangu, nikawa nalala stendi. Mama huyo alinunua karanga vikombe viwili, akaniuliza nalala wapi, nikamwambia, akasema, "Beba kapu lako, twende." Nilikaa kwake Matogoro misimu mitatu. Biashara ya mahindi tuliianza pamoja, mimi na Gervas, kwenye uwanja wa mama. Aliniita "Myao wangu". Jumapili wakienda kanisani wote, mimi nilibaki kuangalia sufuria la maharage lisiungue.

"Baba yako ndiye kakutuma unipigie?" nikamuuliza Agnesi.

"Baba hajui. Ila bibi alisema akiwa bado na kauli yake: watani wa hapa wasiingie kaburini mwake. Aingie Myao wake. Kama haji, lifukiwe hivyo hivyo bila mtani." Akaongeza, "Tunazika Alhamisi. Misa saa tano."

Mnaona nilivyokamatwa. Kaburini nilijua cha kufanya. Lakini kabla ya kaburi kuna misa, na mimi katika umri wangu wote sijawahi kukanyaga ndani ya kanisa. Na kabla ya misa kuna Gervas.

Tunduru, halafu msituni

Niliondoka Jumatano asubuhi na pikapu yangu nyeupe, ile mnayoiona imepaki kila siku mkaiona ya kawaida. Nyuma nikaweka gunia la mchele wa kwetu. Mfukoni nikaweka laki tatu, kwa sababu nilikwisha kupanga namna ya kuumaliza ule ugomvi: ningefika, ningemvuta Gervas pembeni, ningemwekea hela mkononi, yangekwisha. Ndivyo ninavyomaliza mambo yangu na watu wote.

Tunduru mjini nikanywa chai na chapati kwa mama mmoja aliyenikataza kulipa kwa noti kubwa. Matemanga nikapita bila kusimama. Mbele ya hapo, pale msitu unapoungana na mapori ya tembo, nikakuta magari manne yamesimama. Tembo walikuwa wanavuka, mmoja mmoja, na mdogo wao alikuwa hataki. Alisimama katikati ya lami akinusa mstari mweupe. Tulimsubiri karibu saa nzima. Dereva mmoja wa lori akasema, "Huyu angekuwa mtu ningempigia honi." Hakuna aliyepiga honi. Mama yake alirudi, akamsukuma kwa paji la uso, wakaenda zao.

Nikafidia muda kwa mwendo. Hapo ndipo nilipokosea. Kijiji kimoja kabla ya Namtumbo niliona moshi mbele yangu nikadhani watu wanachoma shamba. Moshi ulikuwa wangu. Gari lilikuwa limechemsha, mkanda wa feni umekatika.

Kwa Mzee Kasian

Nyumba ya karibu ilikuwa na bani la kukaushia tumbaku upande mmoja na rundo la mahindi upande wa pili. Mzee mwembamba, mwenye koti la baridi na kofia ya sufu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari limechoka?"

"Gari haliwezi kuchoka, mzee. Nimelinunua juzi juzi tu."

"Basi umechoka wewe, maana naona moshi." Akaniangalia. "Mwenyeji wa wapi?"

"Tunduru. Nakapanya."

"Myao?"

"Myao."

Akaweka gunzi chini kwa furaha kabisa. "Basi leo nimeokota. Mimi Mngoni. Kaa hapo. Hakuna fundi anayeitwa wala chakula kinachopikwa mpaka gunia hili lijae."

Mimi, mwenye watu kumi na wawili wanaonipakilia mizigo, nikakaa chini nikapukuchua mahindi. Ningefanyaje, ni mtani. Na baada ya yale niliyofanya miaka kumi na moja iliyopita sikuwa na uso wa kukataa. Vidole gumba viliuma mpaka Ijumaa.

Mzee Kasian alikuwa katekista wa kijiji, yaani ndiye anayewafundisha dini watu wa pale na kuwaongoza Jumapili ambayo padri hakufika. Nilipomwambia ninakokwenda akasema Mungu ana akili. Nikamuuliza kuhusu misa, maana nilitaka nisiaibike.

"Si mtego," akasema. "Wakisimama, simama. Wakikaa, kaa. Wakipiga magoti, wewe kaa uinamishe kichwa tu, hakuna atakayekulazimisha. Kikapu cha sadaka kikipita, toa ukipenda. Watu wakipanga mstari kwenda mbele kupokea, wewe baki."

"Kupokea nini?"

"Komunyo. Hiyo si ya mgeni. Hata mimi nilifundishwa miaka miwili kwanza."

"Na zamu ya mtani ni saa ngapi?"

"Kanisani mtani ni mtu kama watu. Zamu yako ni kaburini."

Akaniuliza ilikuwaje msiba wa mama yake mtani wangu nikaambiwa na mtoto, asinipigie mwenyewe. Sikujua kwa nini nilimwambia. Labda kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa kwenye mahindi. Nilimweleza lile kaburi, ukosi, shati. Nilipofika hapo akaacha kupukuchua.

"Ulimtoa mtani kaburini? Kwa nguvu?"

"Ndiyo."

"Nimefundisha watu kuungama tangu ujana wangu," akasema, "hiyo dhambi sijawahi kuisikia."

Nikangoja aseme la kunifariji. Akaokota gunzi lingine. Baadaye mke wake akaleta ugali, maharage na dagaa wa Nyasa, na jagi la kitu cheupe kizito. Nikauliza kwa adabu kama ni pombe, kwa sababu ya dini yangu. Mke wake akacheka: "Togwa, baba. Ingekuwa pombe, huyu mzee asingekuwa amekubakizia."

Fundi alikuja, akasema mkanda wa aina ile lazima utoke Songea. Nikalala pale pale. Walinipa blanketi mbili na bado nilisikia baridi. Watu wa kule wanaiita hiyo hali ya hewa.

Juu ya mahindi hadi Songea

Alhamisi asubuhi mabasi mawili yalipita yamejaa. La tatu halikupita. Saa ilikwenda. Hatimaye likasimama Fuso la mahindi, na mbele kulikuwa na mama mjamzito na mumewe. Mzee Kasian akasema na dereva kwa Kingoni, wakacheka wote wawili, na sijui mpaka leo alisema nini juu yangu. Gunia langu la mchele likatupwa juu ya magunia ya mahindi, na mimi nikapanda nikalikalia.

Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu, na vile viatu vyeusi vya ngozi nilivyonunua Kariakoo, mnavijua. Nimemiliki Fuso mbili kwa miaka mingi na sikujua jinsi upepo unavyopiga huko nyuma. Nilipowaona wale wapakizi wangu mara ya kwanza baada ya kurudi niliwanunulia makoti. Mliniuliza kwa nini. Ndiyo hiyo sababu.

Songea mjini nikashuka mweupe kwa vumbi la mahindi. Bodaboda akaweka gunia mbele yake, mimi nyuma, tukapanda Matogoro. Ile milima ya msitu bado iko pale pale nilipoiacha. Nyumba nikaitambua, ingawa bati limebadilishwa. Uani kulikuwa na masufuria makubwa na wanawake watatu wanaochochea moto. Hakuna mwingine.

"Wamekwisha kwenda kanisani," mmoja akasema. "Mwili umeagwa hapa nyumbani asubuhi, jeneza limefungwa. Hamkukutana njiani?"

Nikauliza kama limefungwa kabisa. Akasema kwa misumari.

Basi uso wake sikuuona. Hilo ndilo pikapu yangu, mwendo wangu na miaka yangu kumi na moja vilinifanyia. Nikawaachia mchele, nikaenda kanisani kwa miguu.

Ndani ya kanisa

Mzee Kasian aliniambia kila kitu isipokuwa kimoja, na mimi sikukiuliza, kwani nani anauliza jambo analolijua? Nilifika mlangoni, nikavua viatu, nikavipanga vizuri ubavuni mwa ukuta. Nikaingia na soksi. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka kidoleni.

Hatua tano ndani nikaona miguu ya watu. Wote wamevaa viatu. Mabuti, kandambili, viatu vya kisigino. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Kurudi niliona aibu, kwani watu wameshaniona, nikajipenyeza kwenye benchi la kwanza nililolikuta na nafasi. Nilipokwisha kukaa nikagundua upande ule ni wa kina mama watupu, wamevaa vitenge vya sare, na wanaume wako upande wa pili.

Kanisa lilikuwa limejaa. Padri kijana amevaa zambarau. Mbele ya altare jeneza, na msalaba juu yake. Kwaya iliimba na kinanda na ngoma moja ndogo, taratibu, na nilishangaa, nasema kweli, nilishangaa kusikia ngoma msibani inapigwa hivyo, kama mtu anayegonga mlango asitake kumwamsha mgonjwa. Halafu padri akazunguka jeneza na chetezo, na moshi ukanifikia. Ubani. Ule ule wa kwetu, wa maulidi, wa nyumba ya mama yangu jioni ya Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mageni, na pua yangu ikaniambia niko nyumbani. Ilibidi nitazame chini, kwenye kidole changu.

Halafu padri akaanza kuhubiri. Akasema, "Leo tunamsindikiza Otilia." Akasema tena Otilia. Otilia alikuwa mwanajumuiya, Otilia alifua nguo za altare kwa mikono yake, Otilia alilea yatima wawili. Mimi nikajiuliza Otilia ni nani. Mama yangu wa Matogoro nilimjua kwa jina la Mama Gervas. Nikaona nimeingia kwenye msiba wa mtu mwingine, nimekaa na wanawake wa mtu mwingine, na huko kwingine mama anazikwa bila mimi. Nikainuka polepole, nikatoka.

Mlangoni viatu hakuna.

Nikatafuta kulia, kushoto, nyuma ya ukuta. Hakuna. Nikasimama uani na soksi zangu kwenye mchanga wa Matogoro. Nitakwenda wapi? Mtu mzima na suti, peku, anauliza njiani kanisa lingine liko wapi? Nikarudi ndani. Yule mama niliyekaa naye akanipisha bila kunitazama.

"Samahani mama," nikamnong'oneza. "Marehemu ni nani?"

"Otilia."

"Ndiye mama yake nani?"

"Mama yake Gervas. Kwani wewe ni nani kwake?"

Nilikula chakula cha mwanamke yule misimu mitatu. Nilimpigia hesabu ya kila gunia. Sikuwahi kumuuliza jina.

"Mtani," nikasema.

Akanitazama sasa, kutoka vumbi la mahindi kichwani mpaka kidole. "Myao wake," akasema. Wala hakuniuliza. Akasogea, akanipa nafasi zaidi kwenye benchi, na neno likapita kutoka kwa mama hadi mama mpaka mbele. Niliona vitambaa vya kichwa vikigeuka.

Walisimama nikasimama. Walikaa nikakaa. Walipopiga magoti niliinamisha kichwa. Kikapu kilipopita nilitoa noti, na sitasema ni ngapi, sadaka haitangazwi. Nikaanza kuona nimeielewa misa, kwamba ni kufuata tu. Hapo padri akasema watu wapeane amani, na kanisa zima likageuka.

Hili katekista alilisahau pia. Watu waliacha kutazama mbele wakatazamana. Yule mama akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, "Amani iwe nawe, baba." Wa mbele akageuka. Wa nyuma akanigonga bega, nikampa. Hata mtoto wa mgongoni akatolewa mkono wake mdogo niushike.

Sisi nasi, tunapomaliza swala, tunatoa salamu kulia na kushoto. Nimeitoa tangu utotoni, mara tano kwa siku nikiwa mwema, na sikumbuki hata siku moja niliyoangalia ni nani amekaa kulia kwangu. Nilikuwa nafikiri hayo, nimeshika mkono wa mama nisiyemjua, nilipoinua macho nikamwona Gervas.

Alikuwa benchi la kwanza upande wa wanaume, amegeuka nyuma kama wengine. Amekuwa mweupe kichwa chote. Mtu alikuwa amemshika mkono na yeye hakumtazama mtu huyo, alinitazama mimi. Nikainua mkono wangu kidogo, hapa, usawa wa kifua. Kati yetu kulikuwa na mabenchi kumi, na nyuma yake jeneza.

Akageuka mbele.

Kina mama walipopanga mstari kwenda kupokea, benchi lote likaniacha peke yangu. Nikabaki kama nilivyofundishwa. Nilikuwa na laki tatu mfukoni, pungufu ya sadaka, na nikaona hazina kazi yoyote mle ndani.

Kaburini

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yao, kwenye shamba lililovunwa. Tulikwenda kwa miguu, jeneza mbele. Mabua ya mahindi na soksi si marafiki. Nilijaribu kutembea kama mtu mwenye viatu.

Padri akabariki kaburi. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akatazama saa yake. Kumbe alikuwa mwenyeji, alijua. Watu wakanitazama. Kama ningesita ningeshindwa, kwa hiyo sikusita. Nilivua koti la suti, nikampa yule mama wa benchi, nikateremka.

Nina tumbo, mnalijua. Nilishuka kama gunia linaloteremshwa vibaya. Nikalala chali, nikakunja mikono kifuani. Udongo ulikuwa wa baridi na wenye harufu ya mvua ya zamani. Juu yangu kipande cha mbingu chenye pembe nne, na vichwa vya watu pembeni. Nikafungua mdomo na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mama mwenyewe, ile ya puani, ya kuburuza:

"Myao wangu, kula. Kula umalize. Usiache chakula, kesho utakwenda kunisema kwenu Tunduru kwamba Wangoni wana choyo."

Nikasikia mwanamke mmoja anacheka na kulia kwa pamoja, halafu wengi. Nikaendelea. Nikamwigiza anavyowafukuza kuku, anavyohesabu karanga, anavyomkemea Gervas asinywe pombe kabla ya kupalilia. Walicheka wakipangusa macho. Nikasema sitoki. Nikasema nafasi hii nimeiwahi mimi, marehemu atafutiwe nyingine.

Kicheko kikakatika. Gervas alikuwa amefika ukingoni.

Akanitazama chini muda. Siku ile kule Nakapanya mimi ndiye nilikuwa pale juu.

"Toka humo," akasema. "Hapa si sokoni."

Watu walicheka sana, wakidhani ni utani wa kawaida. Mle shambani tulikuwa wawili tuliojua maneno yale yametoka wapi. Yalinishuka yote, moja moja, nikiwa nimelala. Ningeweza kusema nisamehe. Lakini mtani aliye kaburini haombi msamaha, angeharibu kazi. Alikuwa ameniachia mlango mmoja tu, nao ni ule nilioufunga mimi.

"Sitoki," nikasema.

"Unataka nini?"

Mtani hudai hela. Lakini laki tatu zilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, chini yangu mwenyewe, zinanichoma. "Nataka viatu vyangu," nikasema. "Nimekuja na viatu kwenye kanisa lenu, nikaibiwa na Wangoni."

Hapo hata padri alicheka. Msichana mmoja mrefu akajitokeza kati ya watu, viatu vyangu vya Kariakoo kwapani. Ndiye Agnesi, nilimwacha akiwa wa kubebwa. "Nilimwona anaingia," akamwambia baba yake. "Nikasema huyu akiwa na viatu atakimbia."

Gervas hakucheka. Alipiga magoti kwenye ule udongo mbichi, na suruali yake ya msiba, akanyoosha mkono chini. Mkono wenyewe ule ambao kanisani haukunifikia. Nikaushika. Akavuta, nikateleza, akavuta tena.

"Umenenepa, Myao."

"Vuta wewe, acha kunipima kilo."

Nilipofika juu hakuniachia mara moja. Tulisimama hivyo, wachafu wote wawili, mpaka padri akakohoa. Ndipo wakamshusha mama, na mimi nikatupa udongo wa tatu, baada ya Gervas na Agnesi. Nikasema jina lake, Otilia, nijizoeze.

Uani kwa Gervas

Tulikula wali wa kwetu kwa maharage na dagaa. Nilikaa na Gervas kwenye benchi moja, nimevaa viatu bila soksi, soksi zilikuwa zimekwisha. Alisema mama alinitaja mara nyingi, na kwamba yeye alitaka kunipigia, mwaka wa tatu, mwaka wa sita, halafu akaona nitapiga mimi. Nikamwambia nami niliona hivyo hivyo. Kuna mambo mengine aliyosema juu ya mwaka wa mwisho wa mama, alivyokuwa anaangalia barabara, hayo nitabaki nayo.

Halafu nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa zile hela zote, nikamwambia, "Chukua. Tuyamalize."

Akaziangalia kama mtu anayeonyeshwa picha ya mahali asipopajua. "Weka hela zako za korosho. Wewe umevunja utani, faini yake inajulikana, hailipwi kwa kukadiria." Akahesabu kwa vidole. "Siku ile kaburini nilidai elfu mbili, hukunipa. Na shati. Lile shati nililinunua mtumba pale sokoni, maalumu kwa msiba wa mama yako, kwa elfu saba."

"Shati lilikuwa zuri," nikasema.

"Lilikuwa zuri sana."

Nikampa noti ya elfu kumi. Akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anaulizia chenji kwa Agnesi, kwa jirani, kwa yule mama wa benchi. Akarudi na noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole.

Mafuta, fundi na mkanda wa feni sivitaji, hivyo ni vya gari. Mchele nilikuwa nao. Safari yenyewe, wenzangu, ilinigharimu shilingi elfu tisa.